Mvua Iliyoshika Nafasi ya Tatu

Kibao cha kijiji cha Mbondo kilikuwa kimekwisha kubaki nyuma. Zamoyoni alikaa juu ya magunia ya vitunguu, nyuma ya lori, amepakata dumu la lita tano lililozibwa kwa gunzi, amelikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayempeleka mtoto mwenye homa zahanati. Ndani ya dumu mlikuwa na mvua. Si maji ya kisima, si ya mto. Mvua yenyewe, aliyoikinga juzi kwa sufuria katikati ya uwanja, mbali na paa na mbali na mti, ili mtu asije akasema imeguswa.

"Babu," alisema tulipoanza kupanda mlima, "wakisema ni maji ya bomba?"

"Waonje."

"Wakishaonja?"

"Watajua si ya bomba. Bomba lilipasuka kabla hawajazaliwa."

Hakucheka. Masika yalikuwa yamebakiza wiki tatu, na masika ndiyo yaliyokuwa yanamnyima usingizi.

Zamoyoni alikuwa na bwawa la perege. Alilichimba mwenyewe kwa jembe, akalitunza miaka kumi na mmoja, na mabwawa yote ya bonde lile yalipata vifaranga vya samaki kutoka kwake. Ndani alikuwa na perege wazazi mia mbili na kumi na moja, na kati ya hao alikuwapo mmoja mwenye pezi lililokatika aliyemwita Shemeji. Tangu mvua za vuli, mayai yalikuwa hayaanguliwi. Wazazi wenyewe walikuwa wanakuja juu kutwa nzima, midomo wazi, kama wanaotaka kuuliza jambo. Mimi nilikuwa napita Mbondo, nikakaa kwake kumshonea nyavu, nikachemsha choya, yale maua mekundu ambayo maji yake hubadilika rangi yakikutana na asidi, na kutia maji ya bwawa. Rangi niliyoiona haikunipendeza.

Asidi niliisoma katika shule moja iliyofungwa kabla hatujafika kwenye besi. Besi nilikuja kuisoma miaka tisa baadaye, katika karakana ya sabuni, kwa fundi ambaye hajawahi kusikia habari za asidi. Kuziunganisha nilifanya mwenyewe, njiani. Lakini nilijua ya kutosha kumwambia Zamoyoni kwamba bwawa lake limechacha, kwamba chokaa ingelituliza, mifuko sita hivi, kidogo kidogo, na kwamba masika yakilikuta lilivyo, samaki hawatamaliza wiki.

"Basi tutie chokaa," alisema. Mtu mwenye akili hujibu hivyo.

Nchi yenyewe sitaitaja. Nimepita nchi nyingi kwa miguu yangu hii, na kila niliposimulia ya mojawapo, watu wa nchi nyingine walikasirika wakidhani nawasema wao. Tuseme tu ni nchi. Ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Mvua na Mafanikio Mengineyo. Na ndani ya nchi hiyo, chokaa haikupatikana ila kwa kibali cha Wizara.

*

Hapa lazima nieleze habari ya nambari, maana usipoijua utadhani watu wa nchi ile hawana akili, na wanazo.

Mashariki ya Mbondo kuna kiwanda cha kuyeyushia shaba. Kina madohani matatu, na moshi wake unanuka kama kiberiti kilichowashwa puani. Moshi ukipanda unayakuta mawingu, mawingu yanaunywa, kisha yanaurudisha chini ukiwa mvua kali. Mvua hiyo ilitoboa mabati ya shule, ikababua majani ya mihogo, ikafuta majina kwenye makaburi hata watu wakawa wanawasalia wafu wa wenzao. Wananchi walilalamika. Serikali ikasikia, ikayarefusha madohani ili moshi uende nchi jirani. Nchi jirani nayo, kwa ujirani mwema, ikayarefusha ya kwake.

Mwaka mmoja akaja mtaalamu kutoka mbali, mtu mpole mwenye kofia pana. Alipima mvua kwa kijiti chenye kioo, akaandika ripoti ya kurasa mia mbili, akaumwa tumbo, akaondoka. Ripoti ilisema mvua ya nchi ile ilikuwa na pH ya sita, ikashuka ikawa tano, na sasa inakaribia nne. Ilisomwa redioni na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Kanali Hamdani Kigosi.

Sasa, mtu aliyepita shule za nchi ile anajua jambo moja kuhusu nambari, na analijua mpaka kwenye mifupa: wa tatu anamzidi wa saba. Mtoto akiwa wa kwanza darasani anachinjiwa kuku. Akipata Daraja la Kwanza, mama yake analia. Akipata Daraja la Nne, mama analia vilevile, ila majirani hawaitwi. Waziri alikuwa ni mtoto wa shule hizo hizo.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwaka juzi mvua yetu ilikuwa ya sita. Mwaka jana ikawa ya tano. Leo nina heshima ya kuwatangazia kwamba tunagonga mlango wa nne. Jirani zetu, sitawataja, wangali wa sita. Wengine wamejikalia saba, katikati kabisa ya mizani, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma, na mtaalamu anasema hali hiyo ni ya kawaida. Sisi hatukupigania uhuru ili tuwe wa kawaida. Na zaidi ya hayo, ukurasa wa themanini, mtaalamu ameandika kwa mkono wake kwamba mvua yetu ni chachu. Nani asiyejua chachu ni ya nini? Chachu ni ya maendeleo."

Nchi nzima ilipiga makofi, na mimi nilipiga, maana nilikuwa sokoni na kila mtu alikuwa anatazama mikono ya mwenzake.

Tangu siku hiyo kukawa na mabango: MOJA INAWEZEKANA. Herufi zile pH, ambazo mtaalamu hakuzifafanua kwa kuwa tumbo lilikuwa linamkata, Wizara ilizifafanua: Piga Hatua. P ni ndogo kwa sababu kupiga ni rahisi, H ni kubwa kwa sababu hatua ni kubwa. Na chokaa yote ya nchi, kwa kuwa ilisemekana inairudisha mvua nyuma darasani, ilikabidhiwa Ofisi ya Mapambo ya Barabara. Ofisi hiyo huitumia kupaka mawe na mashina ya miti kandokando ya njia anapopita kiongozi. Mwananchi akiitaka, lazima aeleze mawe yake yako wapi na nani atayapita.

*

Wizarani tulipokewa na karani aliyeitwa Ndugu Mtitu, mtu mwembamba, shati lake limetobokatoboka mabegani kwa mvua lakini limepigwa pasi. Alilitazama dumu.

"Mmebeba nini?"

"Mvua," alisema Zamoyoni.

"Ya nani?"

"Ya Mungu, baba."

"Ilinyesha wapi?"

"Uwanjani kwangu."

"Uwanja ni wa nani?"

"Si nimesema wangu."

"Ardhi ni ya serikali, mama. Wewe umekalia tu. Kwa hiyo mvua hii ilikuwa inakwenda serikalini, wewe ukaikinga njiani." Akaandika. "Nitasema mmeileta kwa hiari. Itawasaidia."

Akatupa Fomu ya Kuomba Kurudishwa Nyuma. Ilikuwa na sehemu saba, na ya kwanza iliuliza: *Je, mwombaji ana chuki gani na mafanikio?* Mimi ndiye niliyejaza, kwa kuwa mikono ya Zamoyoni ilikuwa na dumu. Nilipofika pa kueleza ombi, nikaandika kwamba tunaomba besi kidogo ya kuweka bwawani.

Ndugu Mtitu aliposoma alikwenda kufunga mlango.

"Mzee, besi ya jeshi gani?"

"Haina jeshi. Ni besi tu. Kinyume cha asidi."

"Kinyume cha serikali?"

"Cha asidi. Chokaa, baba. Majivu. Magadi anayopikia mkeo maharage."

"Futa," aliniambia, ananiinamia karibu. "Andika chokaa. Kuna watu wamekwenda kwa neno dogo kuliko hilo, na mpaka leo tunawaandikia barua za likizo."

Nikafuta. Zamoyoni alikuwa amevumilia vya kutosha.

"Baba yangu, mimi sikuja kusoma. Samaki wangu wanakufa. Mnasema chachu, chachu. Chachu ni ya maandazi. Kwetu kitu kikichacha tunakimwaga."

Ndugu Mtitu aliutazama mlango alioufunga mwenyewe.

"Hata kwetu, mama," alisema taratibu. "Lakini hapa si kwetu." Kisha akapaza sauti ile ya kazini. "Nendeni maabara mkathibitishe mvua yenu ni ya ngapi. Kibali hakitoki kwa mvua isiyo na nafasi."

*

Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo, na ndani yake alikuwamo fundi aitwaye Chilumba, amekaa chini ya mwavuli kwa sababu ya dari. Nilimpenda mara moja. Hakuuliza dumu ni la nani. Alichovya ukanda wa karatasi ya buluu, ukawa mwekundu kabla hajautoa. Akatia kijiti chenye kioo, tukangoja.

"Tatu nukta tisa," alisema.

"Ni mbaya?" Zamoyoni aliuliza.

"Mama, ngazi hii si kama za nyumbani. Kila kipandio ni mara kumi. Kutoka saba mpaka sita, ukali ni mara kumi. Mpaka tano, mara mia. Mpaka nne, mara elfu. Waziri anadhani tumepanda vidato vitatu. Tumeanguka kisimani."

"Sasa kwa nini humwambii?"

Chilumba aliukausha ukanda wake, akaupanga pamoja na wenzake wekundu.

"Nilimwambia. Aliniuliza, 'Chilumba, shuleni ulikuwa wa ngapi?' Nikamwambia wa pili. Akasema, 'Baba yako alilalamika?' Nikasema hakulalamika. Akasema, 'Basi.'"

"Basi nini?"

"Basi hivyo hivyo."

Alichukua cheti akaandika kwa mwandiko mzuri sana: *Mvua ya Mbondo: 3.* Nikamwambia amesahau nukta tisa. Akasema nukta zimepigwa marufuku tangu mwaka jana, zilikuwa zinachelewesha mafanikio. Zamani ingekuwa karibu nne. Sasa ni tatu kamili.

"Kwa hiyo mmekuwa kijiji cha kwanza kufika tatu," alisema, akimpa Zamoyoni cheti bila kumtazama usoni. "Nawaomba radhi. Nilitaka kuandika tano, lakini waliokuja na tano mwezi uliopita walipelekwa semina."

Tulirudi kwa Ndugu Mtitu. Alisoma cheti, akasimama, akanipa mkono, akampa Zamoyoni mkono, akaupa mkono na mpini wa dumu. Ombi la chokaa lilikuwa halipo tena, alisema. Anayeshika nafasi ya tatu haombi kurudishwa nyuma. Badala yake Mheshimiwa Waziri atakuja Mbondo mwenyewe, Jumamosi ya wiki ijayo, kukabidhi ngao kando ya bwawa lenyewe.

"Na dumu langu?" aliuliza Zamoyoni.

"Dumu linabaki. Litawekwa makumbusho."

*

Alhamisi, siku mbili kabla ya sherehe, lori la Ofisi ya Mapambo liliingia Mbondo. Ndugu Mtitu alikuwa mbele, karibu na dereva, na nyuma mlikuwa na watu kumi wenye brashi na mifuko arobaini ya chokaa. Waliishusha uwanjani kwa Zamoyoni, kwa kuwa ndipo palipokuwa pakavu, hatua ishirini kutoka bwawani.

Nimeona mengi. Niliona mtu akifa kwa kiu amefungwa kwenye nguzo ya bomba. Lakini sijaona macho kama ya Zamoyoni siku ile, akiitazama mifuko arobaini aliyokuwa anahitaji sita yake.

"Baba Mtitu," alisema, "nipe sita."

"Imehesabiwa kwa mawe, mama. Kila mfuko una mawe yake."

"Mitano."

"Mama, usinifanyie hivi."

"Mmoja. Ule uliopasuka."

"Ule una mashina ya miti," alisema Ndugu Mtitu.

Zamoyoni aliingia jikoni. Alikaa humo muda, kisha akatoka na uso mwingine kabisa, uso wa mwenye sherehe. Aliwaandalia wapaka mawe uji wa karanga. Akamuuliza Ndugu Mtitu kama Mheshimiwa atasimama kando ya bwawa. Atasimama. Akitazama chini ataona nini? Mawe ya ukingo, alisema Ndugu Mtitu. Yamepakwa? Hayajapakwa. Ndugu Mtitu aliyatazama yale mawe meusi kwa hofu, akaamuru yapakwe yote, mpaka usawa wa maji, na chini ya maji kiasi cha kiganja, ili Mheshimiwa asije akaona jiwe nusu.

Tena Zamoyoni, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alikuwa anamfukuza kwa mwiko mtu yeyote aliyenawa miguu bwawani mwake, aliwaendea wale watu kumi walipomaliza, mpole kama maziwa.

"Wanangu, mapipa yenu yamechafuka. Mtayaoshea wapi? Mto uko mbali. Osheni hapa hapa."

Wakaosha. Waliosha mapipa manne, ndoo, brashi, miguu na mikono. Maji yakawa meupe kama ya mchele, yakatulia, na jioni ile perege waliacha kuja juu. Nilichemsha choya, rangi ikawa njema. Ijumaa asubuhi nilichemsha tena, sikuamini. Zamoyoni alikuwa amechutama ukingoni, akimtafuta Shemeji, akamwona anapita chini kwenye kivuli cha majani, anatembea kwa raha zake kama mwenye nyumba.

"Babu," alisema, "unajua sijalala toka vuli?"

Akalala pale pale, kwenye majani, mchana kweupe, na mimi nikamfukuzia nzi.

*

Jumamosi Mheshimiwa alikuja na magari kumi na saba, akapita kati ya mawe meupe, akasimama kando ya bwawa jeupe ukingoni. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na kwaya ya Wizara iliyoimba wimbo wa *Moja, Moja*. Ngao ilikuwa imefunikwa kitambaa. Waziri alisema kwamba kabla ya kuikabidhi angependa taifa lishuhudie kwa macho yake, moja kwa moja redioni, bwawa la mvua ya tatu likipimwa.

Chilumba alitokeza na kijiti chake. Nilimwona anatazama mawe, anatazama maji, anatazama samaki waliotulia, na akaelewa kila kitu kabla kijiti hakijalowa. Aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji.

"Ya ngapi?" Waziri aliuliza, kipaza sauti mkononi.

"Mheshimiwa, kioo kina mvuke."

"Kifute."

Alikifuta. Mtangazaji wa redio alikuwa amesimama begani kwake, mtu kijana mwenye macho mazuri, akasoma mwenyewe kwa sauti kubwa.

"Sita."

Kwaya ilikuwa imevuta pumzi ya kuanza. Ikabaki nayo.

"Wa sita?" alisema Waziri. "Kutoka wa tatu?" Aligeuka kwa Zamoyoni, na hasira hakuwa nayo, alikuwa na masikitiko, na hayo ni mabaya zaidi kwa mtu mwenye magari kumi na saba. "Mama, kuna tatizo gani nyumbani?"

Niliona kwamba ni zamu yangu. Nikavua kofia, nikasema kwamba kwa heshima zote, nambari hizi zinahesabiwa kinyume. Kwamba sita ni njema na tatu ni msiba. Kwamba ukurasa wa themanini na moja wa ripoti ile ile unaeleza.

"Ukurasa wa themanini na moja haukutafsiriwa," alisema Waziri. "Wewe ni nani, mzee?"

"Mpita njia."

"Basi pita."

Watu wawili wakanisaidia kupita, mpaka nyuma ya kamba. Kutoka huko nilisikia yote yaliyobaki, na sikuweza kufanya lolote, na ninayaandika hivyo hivyo.

Waziri alisema hatamwadhibu mtu. Mtoto akianguka, alisema, wazazi wa zamani walimchapa, lakini serikali hii ni ya kisasa. Mtoto akianguka anapewa masomo ya ziada. Akapiga simu kiwandani. Haikupita saa moja, lori la tangi lilifika, la rangi ya manjano, limechorwa fuvu ubavuni, na dereva amevaa glavu mpaka kwenye viwiko.

Zamoyoni alisimama kati ya lori na bwawa. Hakupiga kelele. Alizungumza kama anavyozungumza mtu na mkwe.

"Mheshimiwa, hawa hawajasoma. Ni samaki."

"Hakuna asiyefundishika, mama."

"Watakufa, baba."

"Ndivyo walivyosema hata juu yangu," alisema Waziri kwa upole, "nilipopelekwa bweni."

Alipoona hawasikii, Zamoyoni aliingia majini na nguo zake, na wavu mmoja, na ndoo. Aliwatoa kumi, kumi na wawili, akawatupa kwenye ndoo, akatoka nazo mbio. Kisha akasimama katikati ya uwanja na ndoo mbili zilizojaa mikia, anageuka huku, anageuka huku, kwa sababu bonde zima lile halikuwa na maji ambayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Nilimtazama Ndugu Mtitu. Alikuwa anatazama mawe yake. Chilumba alikuwa amefumba macho. Bomba la tangi lilifunguliwa, asidi ikamiminika, na maji ya ukingoni, palipokuwa na chokaa, yalichemka povu jeupe, watu wakashangilia wakidhani ni sehemu ya sherehe.

Alasiri Chilumba alipima tena.

"Mbili," alisema.

Kwaya ikaachia ile pumzi.

*

Sasa yaliyowapata.

Perege mia mbili na kumi na moja walikufa siku ile ile, pamoja na wale wa kwenye ndoo. Tuliwazika mimi na Zamoyoni, kwa majembe mawili, siku mbili. Mabwawa mengine ya bonde, yaliyokuwa yanategemea vifaranga vyake, yalikwisha kabla masika hayajafika katikati. Watu wa Mbondo sasa wanakula dagaa wakavu wa nchi jirani.

Waziri Kigosi alipandishwa cheo. Sasa ni Waziri wa Hewa.

Ndugu Mtitu alihamishiwa semina, kama mwanafunzi. Nasikia anaendelea vizuri.

Chilumba aliacha kazi, akafungua duka la karatasi na kalamu karibu na stendi. Lilipoungua hakulifungua tena. Yuko kwao.

Mtaalamu mwenye kofia pana aliandika barua mbili kuuliza ripoti yake ilifanyiwa nini. Alijibiwa kwa shukrani.

Kiwanda kiliongeza dohani la nne.

Mimi niliondoka Mbondo mwezi wa sita kwa miguu. Kikohozi nilichokipata huko ninacho bado. Nimekaa nchi tatu tangu hapo, na katika moja nilifundisha asidi kwa wiki mbili kabla shule haijafungwa.

Bwawa lilipandishwa hadhi kuwa Bwawa la Mfano, na linatembelewa. Maji yake ni maangavu ajabu, mpaka chini kabisa, hakuna jani linalooza wala kiluwiluwi wala utelezi, na wageni husema hawajaona maji masafi kama yale. Zamoyoni ameajiriwa na Wizara kukaa kando yake amevaa sare ya kijani. Wageni humwuliza samaki wamekwenda wapi. Huwaambia wamekufa, wameuawa na serikali, makaburi yao ni pale. Wao hucheka, kisha huandika katika kitabu cha wageni kwamba mwenyeji ni mcheshi.